Jani Lenye Tundu

Kabla hujasema nimetunga, njoo kwangu Tunduma nikuwashie kompyuta uone mwenyewe. Picha zote zipo, sijafuta hata moja. Mimi si mtu wa kuona mizimu. Nina stashahada ya elektroniki niliyoisomea Ndola, nikijilipia ada mwenyewe kwa kubeba magunia mchana na kuingia darasani jioni. Nimekaa Zambia miaka kumi na mmoja, nimerudi na ujuzi wangu kichwani, na leo hii nafunga kamera za ulinzi kwenye maduka na maegesho ya malori. Nakueleza haya ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani.

Kupiga picha si kazi yangu, ni mapenzi. Kamera yangu nilinunua Lusaka, ina lenzi mbili, na hapa mpakani sijaona ya kuilinganisha nayo. Lakini kamera ni nusu tu ya kazi. Picha huzaliwa pale unapobonyeza, kulelewa ni kwenye kompyuta. Hapo ndipo ninapopunguza weupe wa anga, ninapokata pembeni, ninapotoa waya wa umeme uliopita mbele ya mlima au mpita njia aliyeingia bila kualikwa. Nachukua kipande cha majani kutoka upande huu, nabandika upande ule, nalainisha kingo. Nilikuwa na usemi wangu wa kujisifu: nikikutoa kwenye picha, hata mama yako hatajua kwamba ulikuwepo.

Naujutia usemi ule.

Mama yangu nilimjengea nyumba Tunduma, vigae sebuleni, na ukutani nikamtundikia picha zangu tatu bora zenye fremu. Ya katikati ilikuwa foleni ya malori asubuhi, mwanga wa jua umepiga vioo vyote kwa pamoja. Picha ile niliihangaikia wiki nzima. Basi siku moja narudi kutoka kazini, nakuta malori yamewekwa nyuma ya kabati. Mahali pake pametundikwa picha ya bibi yetu, marehemu, amepigwa kwa simu.

"Mama, malori yangu yako wapi?"

"Malori nayaona nikifungua mlango, baba," alinijibu. "Mama yangu simuoni tena popote."

Aliyeipiga ni Ezekia, mtoto wa mama mdogo. Sisi wawili tulilelewa na bibi huyo huyo, kijijini Hasamba, kwenye nyumba moja na kitanda kimoja. Mimi nikaondoka kwenda kutafuta maisha, yeye akabaki kuchuma kahawa ya bibi. Ameishia darasa la saba. Simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Picha yenyewe ina ukungu, imeinama upande, na nusu ya kikapu imekatwa. Bibi anacheka, amefunika mdomo kwa mkono wa kushoto kuficha pengo, na kile kidole gumba chake kilichopinda kinaonekana.

Na kila mgeni aliyeingia sebuleni kwangu alisimama mbele ya hiyo. Zangu walizipita kama kalenda ya mwaka jana. Hata Zuhura, dada anayetuchapishia picha pale mjini, aliniambia mbele ya wateja, "Kaka, ile ya bibi kapiga nani? Mbona za kwako hazicheki?"

Umewahi kulala na neno kama hilo? Mimi nililala nalo miezi. Wivu ni kama kokoto kwenye kiatu. Ni dogo, hakuna anayeliona, lakini hutembei vizuri. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba Ezekia mwenyewe hakujua kama tunashindana. Akija, ananiita Injinia, ananishikashika kamera, anauliza, "Hii inapiga mpaka dhambi?" kisha anacheka peke yake.

Mwezi wa saba, katikati ya msimu wa kahawa, Ezekia alikuja kumletea mama maharage akalala kwangu. Usiku ule nikapata wazo. Shamba la bibi halina mtu. Nikienda kesho kukicha na ukungu wa Hasamba, nitapiga picha ya shamba lile ambayo mama akiiona atamshusha bibi ukutani kwa hiari yake. Alfajiri nikamwacha Ezekia anakoroma, nikasukuma gari mpaka barabarani kabla ya kuliwasha, nikaondoka. Ndiyo, kama mwizi.

Hapa lazima niseme jambo moja. Kwetu, aliyekosa mazishi kwa sababu ya umbali, siku akirudi hupita kaburini kwanza. Unachota udongo kwa mkono, unauweka, unajitaja jina, ndipo unaingia ndani ya nyumba. Bibi alifariki nikiwa Ndola. Nilituma rambirambi, sikuja. Niliporudi, Ezekia alinikumbusha mara mbili, nami nikamjibu kwamba kaburi halikimbii. Nilikuwa na haraka ya kujenga, kupata wateja, kuonekana. Mwaka ukapita, na wa pili.

Nilifika shambani jua halijatoka vizuri. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mibuni ya mstari wa tatu huioni. Nilifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaanza kutafuta mahali. Ndipo nikasikia punje zinaangukia kikapuni, moja moja, tak, tak.

Alikuwa mama mtu mzima, amejitanda kitenge kichwani mpaka kwenye paji la uso, ukungu umemfifisha sura, anachuma. Nikadhani ni kibarua wa Ezekia. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kinyiha, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Umepita kule?" Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Nimepita barabarani, mama," nikamjibu. "Naomba nikupige picha. Wewe endelea tu kuchuma."

"Piga. Lakini utupige wote wawili."

"Wawili? Wewe na nani?"

"Mimi na anayenichumia."

Nikaangalia kulia na kushoto. Hakuna mtu, ukungu tu. Nikasema sawa, maana mzee habishiwi, nikainamia kamera. Niamini, mwanga niliouona pale sijawahi kuuona tena. Ukungu ulikuwa umeshika jua kama maziwa yaliyotiwa chai. Nikabonyeza. Akacheka, akainua mkono kufunika mdomo. Nikabonyeza tena.

Simu ikalia mfukoni. Mama. "Uko wapi wewe? Chai inapoa, Ezekia yupo hapa anakusubiri." Nikasikia sauti ya Ezekia nyuma yake, "Mwambie nitakunywa na yake!" Nikakata simu, nikainua uso. Yule mama hakuwepo. Nikasema amehamia mstari mwingine. Nikafunga vitu vyangu nikaondoka na furaha, sikutazama hata migomba.

Usiku, Ezekia ameshaondoka, mama amelala, nikafungua picha kwenye kompyuta. Ile ya pili ilijaa kwenye kioo. Kitenge kimeteleza nyuma kidogo. Mkono wa kushoto mdomoni, kidole gumba kimepinda.

Alikuwa bibi.

Nikasukuma kiti nyuma. Lakini sikiliza nikwambie aibu yangu, maana bila hiyo kisa hiki hakina maana. Si bibi aliyenishtua zaidi. Pembeni yake, ameshika upande wa pili wa kikapu, alisimama Ezekia. Ezekia ambaye saa ile alikuwa Tunduma akiisubiri chai yangu, nimesikia sauti yake kwa masikio haya. Amevaa lile koti lake la mvua, anamtazama bibi, anacheka.

Ungekuwa wewe ungezima kompyuta ukakimbia. Mimi nilikasirika. Nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Hata huku?" Nimeamka alfajiri, nimesafiri, bibi mwenyewe ametoka huko aliko akaja mbele ya lenzi yangu, na bado Ezekia yupo! Hasira ikafukuza hofu yote.

Nikavuta picha karibu. Nikachukua kipande cha majani ya mbuni kutoka kushoto, majani mazuri yenye umande, mojawapo lina tundu la mdudu lililotoboka kama tundu la kifungo. Nikaanza kumfunika Ezekia. Viatu kwanza, kisha koti, kisha mkono ulioshika kikapu. Uso niliuacha mwisho. Nilipoufikia nikasita, si uongo. Alikuwa na furaha sana. Kisha nikakumbuka malori yangu nyuma ya kabati, nikabonyeza.

Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Bibi peke yake, ukungu, kahawa. Nikahifadhi kwenye flashi, nikalala usingizi mtamu.

Asubuhi nikampelekea Zuhura. Akafungua, akanitazama.

"Kaka, unataka nichapishe majani?"

"Majani gani? Chapisha bibi."

Akanigeuzia kioo. Majani matupu. Pale alipokuwa Ezekia, majani. Pale alipokuwa bibi, majani yale yale, jani lenye tundu la kifungo limejirudia toka juu mpaka chini. Nilikimbia nyumbani kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Kwenye kompyuta, majani. Kwenye kadi ya kamera, ambayo sikuigusa kabisa, majani. Nilimfuta mmoja, wakaondoka wote wawili.

Nikajipa moyo kwamba kadi imeharibika. Nikanunua mpya. Jumapili nikapiga harusi ya jirani kule Vwawa kwa kujifurahisha. Kwenye kila picha, mtu mmoja hayupo. Mahali pake pamesimama majani mabichi ya mbuni, urefu wa mtu, yenye umande, ndani ya ukumbi wenye mapambo ya bluu. Nikapiga foleni mpakani, dereva mmoja ni majani. Nikaazima simu ya Zuhura nikampiga picha yeye mwenyewe, akaangalia, akaweka simu mezani taratibu, hakunitania tena mwezi mzima. Kamera za ulinzi hazina shida, maana hazibonyezwi na mkono huu.

Nikaacha kupiga. Nilimwambia kila mtu lenzi imepata fangasi.

Kisha mama akaniita. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua na alikuwa anafikiria mambo ya watu wazima. "Baba," alisema, "nataka picha moja nzuri. Ile itakayowekwa mbele ya jeneza siku yangu. Najua uliumia nilipoyatoa malori yako. Safari hii upige wewe."

Unaona? Kile nilichokitamani miaka yote, nimeletewa mkononi. Mama amevaa gauni la kanisani, amekaa kwenye kiti, ananitazama kwa matumaini. Ningesemaje? Nikabonyeza mara moja. Kisha nikaangalia nyuma ya kamera.

Kiti changu, vigae vyangu, gauni la kanisani likining'inia tupu. Kuanzia shingoni kwenda juu, majani. Jani lenye tundu lilikuwa pale pale mdomo wake ulipotakiwa kuwa.

"Imetoka?" akauliza.

"Bado, mama. Mwanga hautoshi."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaendesha mpaka Hasamba nikamkuta Ezekia anaanika kahawa. Nikamweleza yote, tangu malori mpaka gauni. Alisikiliza huku anageuza punje kwa mkono, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ulinifuta," alisema mwishowe.

"Nilikufuta."

"Ukanifuta vizuri?"

"Vizuri sana. Hakuna alama."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Injinia! Hata kwenye dhambi unajisifu." Kisha akainuka, akajifuta mikono. "Twende kwa bibi."

Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikapiga magoti na suruali yangu ya kazi, nikachota udongo, nikauweka, nikajitaja jina. Ezekia alisimama pembeni na simu yake yenye utando wa buibui.

Tulirudi Tunduma pamoja. Ezekia akamkalisha mama nje, kwenye ngazi, hata hakuangalia jua liko upande gani. Akaniambia, "Na wewe kaa hapo." Nikakaa. Akasema neno la kipuuzi kuhusu pua yangu, mama akacheka, akainua mkono wa kushoto akafunika mdomo. Sikuwahi kugundua kwamba na yeye hufanya hivyo. Ezekia akabonyeza.

Picha hiyo ndiyo iko ukutani sasa, karibu na bibi. Mama anaipenda. Nimo, mzima, siyo majani. Ni picha pekee niliyomo katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Nilidhani baada ya kaburi mambo yangetulia. Hayajatulia. Juzi nimejaribu tena, nimepiga soko, na muuza nyanya alikuwa majani. Pengine udongo uliochelewa miaka miwili hauwekwi mara moja ukaisha. Naenda kila msimu wa kahawa, naweka mkono mmoja mmoja.

Basi wewe unayetoka mbali na cheti chako, pita kaburini kwanza, nyumba itakusubiri. Na ukikaa mbele ya kompyuta, toa waya, toa taka, toa hata mlima ukipenda. Mtu aliyesimama pembeni ya mwenzake mwache pale pale ulipomkuta, hata kama moyo unakuuma, maana hujui ni nani amemshika mkono.

Ila picha ya Ezekia, kwa kweli, imeinama upande. Ningepiga mimi, ningesogea kushoto kidogo.