Nishani ya Mama Mkubwa

Wasifu uliompatia mama nishani niliuandika mimi. Nasema mama, lakini alikuwa mama yangu mkubwa, dada wa mama aliyenizaa. Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka kumi, katika kijiji chetu huko juu Makete, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ipelele. Ilikuwa miaka ile ambayo ukipita njiani unaona udongo mbichi wa kaburi nyuma ya karibu kila nyumba. Mama mkubwa alikuwa muuguzi wa zahanati ya pale. Alimuuguza mdogo wake mpaka pumzi ya mwisho, akamwosha, akamzika, na watu walipotawanyika akanishika mkono. "Nguo zako ziko wapi? Twende." Hakuwa na mtoto wake wa kumzaa.

Baba hakuwepo msibani. Alikuwa kibarua wa mashamba ya chai Mufindi, anarudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Mama mzazi alipoanza kukonda, wajomba walisema ugonjwa kauleta baba kutoka huko. Siku moja walitoa godoro lake nje kwenye mvua, wakamtupia na viatu, wakamwambia wakimwona tena watamkata miguu. Nilikuwa mlangoni, nikaona. Akanitazama, akaokota viatu, akaondoka. Nilikua nikijua kwamba mtu yule alimuua mama yangu. Aliporudi Makete kuishi kijiji cha pili, nilipata habari zake kama mtu anavyopata habari za mwizi. Kwamba hakuugua, kwamba alizeeka na afya yake, vilinichukiza zaidi. Kijijini walisema kajikinga kwa dawa za kienyeji na kumtoa mke kafara.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Makambako, nyumba yetu iko Kitandililo. Mama alipostaafu alikuja kukaa nami na mume wangu. Mwaka juzi afisa utumishi alipita shuleni akasema halmashauri imetakiwa kupendekeza watumishi wastaafu waliolitumikia taifa kwa uadilifu, wapewe nishani. Sikumwambia mama. Niliandika kurasa mbili. Niliandika alivyowazalisha wanawake kwenye baridi na ukungu, alivyowauguza watu ambao ndugu zao walikuwa wanaogopa hata kuwapa maji, alivyotembea na mkoba wake hadi vijiji visivyo na barabara. Kila nilichoandika nilikiona kwa macho yangu. Halafu, ili kufunga vizuri, nikaongeza: "Hakuna mgonjwa aliyewahi kudhurika mikononi mwake."

Simu ilipokuja kwamba amechaguliwa, nilipiga vigelegele jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Nani kawaambia habari zangu?"

"Mimi, mama."

"Hukuniuliza."

Nikadhani ni unyenyekevu. Nilimnunulia viatu kwenye duka moja mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, na kitenge kipya, na asubuhi ya siku yenyewe tukaingia ukumbini Njombe mapema, tukakaa mstari wa mbele pamoja na askari wawili wastaafu na mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi wa shule. Afisa mmoja alipita akimsalimu kila mtu, "Kamwene, mama, hongera sana." Mama aliitikia bila kuinua macho.

Mshereheshaji alisoma wasifu wa kila mmoja kabla hajaitwa mbele. Alipofika kwetu alisoma maneno yangu, neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani. Alipotamka ile sentensi ya mwisho, ukumbi ulipiga makofi. Nikamgeukia mama nimshangilie. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechapwa. Alisimama, akaenda, mgeni rasmi akambandika nishani kifuani, akampa mkono. Picha ninayo. Watu wote wanacheka isipokuwa yeye.

Kesho yake mchana nilimkuta ameketi uani kwenye upepo, hajajifunika kitu. Nikamletea shuka. Akaniambia nikae.

"Ile sentensi uliitoa wapi?"

"Ipi, mama?"

"Kwamba hakudhurika mtu."

Akaanza kunieleza, polepole, kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tulizoea Kikinga. Nadhani Kiswahili kilimweka mbali kidogo na mambo aliyokuwa anayasema.

Alisema zamani zahanati ilikuwa na sindano chache za kioo, zinachemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Msimu mmoja wa mvua barabara ilikatika, mafuta yakaisha. Kuni zilikuwa mbichi. Malaria iliyoletwa na waliotoka vibaruani ilikuwa imejaa, na foleni ya kuchomwa sindano ilifika nje ya uzio. Siku tatu alichoma watu kwa sindano zilezile mbili, akizisuuza kwa maji ya uvuguvugu. Alijua kwamba si sawa. Lakini watu walikuwa wanatetemeka mbele yake, na habari za ugonjwa mpya zilikuwa bado ni za mbali, za watu wa Kagera.

"Mbele kwenye foleni alikuwepo dereva mmoja wa lori, alikuja kuoa pale kijijini. Ndiye aliyetangulia kufa, miaka michache baadaye. Halafu wakaanza wengine. Nilipokuwa nawauguza nilikuwa nawahesabu, huyu alikuwepo, huyu hakuwepo." "Mama yako alikuja na homa, wewe uko mgongoni kwake. Nilimpitisha mbele kwa kuwa ni mdogo wangu. Alikaa nyuma ya yule dereva."

Nilimuuliza swali moja tu. "Na baba?"

"Nilijua inawezekana si yeye."

"Ulikuwepo wakati wanatupa godoro."

"Nilikuwepo."

Niliinuka. Sikumpiga kelele. Niliingia ndani nikasahihisha madaftari ya darasa la nne, na hadi leo sijui niliwapa maksi gani wale watoto. Kwa muda wa siku tisa sikula meza moja na mwanamke aliyenilea. Nilimwandalia chakula, nikamfulia, nikamwamkia, basi. Nilitaka kumchukia nikashindwa kujua pa kuanzia. Huenda alikosea kuhesabu, huenda chanzo kilikuwa sindano au mtu mwingine kabisa, hakuna atakayejua. Nililoshindwa kulimeza ni ile miaka aliyokuwa ananisikia nikimtukana baba, naye anaendelea kukoroga uji.

Siku ya kumi alikuja mlangoni kwangu amevaa koti. "Nipeleke kwake," akasema. "Peke yangu sitafika."

Tulipanda gari hadi Makete, kisha pikipiki mbili. Baba tulimkuta shambani anapalilia viazi, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Alinitambua kabla sijamtambua, akasema nina sura ya mama yangu, kisha akamwona niliyekuja naye.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

Mama mkubwa hakukubali kigoda. Alisimama katikati ya matuta akamweleza yote aliyonieleza mimi, bila kupunguza. Baba alisikiliza akiwa ameshika jembe. Alipomaliza, baba akauliza, "Wajomba wake huyu wako hai?"

"Hapana. Wote wamekwisha."

"Basi umemwambia nani sasa?"

Baba akachomeka jembe ardhini.

"Mimi nilipima," baba akasema. "Vipimo vilipofika Njombe nilikwenda kupima mara tatu. Nikaileta karatasi mpaka kwa kaka zako. Hawakuitaka hata kuishika. Nikajiambia labda mashine imekosea, kwa sababu mke wangu kafa, na watu wote hawawezi kukosea. Nimeishi nikijua nilimuua, na karatasi inasema sikumuua. Unajua mtu anaishije hivyo?"

"Nimekuja kuomba msamaha, shemeji."

"Ungekuja wakati mtoto ana miaka kumi." Akanitazama mimi, si yeye. "Sasa nikusamehe, kisha nipate nini?"

Akarudi kupalilia. Tukasimama pale hadi ukungu ukaanza kushuka, ndipo mwenye pikipiki akatuita.

Tuliporudi, mama aliniomba niirudishe nishani. Nilikwenda kwa afisa utumishi. Alinisikiliza kwa heshima, akasema hana utaratibu wa kupokea nishani iliyorudishwa, na kwamba ikiwa mama hajisikii vizuri nimpeleke hospitali. Nikarudi nayo. Mama bado yuko hai. Haumwi, lakini ameacha kwenda kwenye meza ya Bwana, na mchungaji alipomfuata nyumbani alimwambia miguu inamuuma. Tunakula pamoja tena. Tunaongea habari za kuku na mvua.

Kwa baba nimekwenda mara mbili, likizo. Hatuna mengi ya kusema. Mara ya pili aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama, kwa kuwa hakuwahi kuonyeshwa. Tukaenda. Yapo makaburi mengi pale, yale ya miaka ile yamebanana, misalaba ya miti imeoza yote, na mtu amepanda miti ya paini juu ya makaburi. Nilizunguka nikitafuta. Baba alikuwa amevua kofia, anasubiri. Mwishowe nikasimama kwenye tuta moja karibu na ukingo nikamwambia ni hili, ingawa sikuwa na hakika.