Dua ya Kumrudisha Hadija Kazini

Siku ile nyumbani kwangu mtaani Buyenzi tulikuwa mimi, wifi yangu Bi Salma, jirani yangu Mama Zuhura, na Mwalimu Ramadhani aliyewafundisha wanangu Kurani. Mjukuu wangu Hadija alikuwa chumbani kwake.

Hadija ndiye anayetulisha. Ghafla aliacha kwenda biro, ofisini kwao kule Zone Industrielle kwenye viwanda, akawa anashinda chumbani na kompyuta. Nikimuuliza, anajibu, "Bibi, kazi nafanyia hapa." Nikajua ananificha kwamba amefukuzwa. Nani anafanya kazi ya biro na kandambili? Basi nikapika pilau, nikaita watu wa dua.

Tukaingia kwake bila kubisha. Akainua mikono kutunyamazisha, mi nikadhani anaitikia dua. Nikapaza sauti, "Ee Mola, mulainishie roho mukubwa wake, Nestori mwana wa Gaspari, amurudishe mutoto wetu kazini."

"Amina," ikaitika sauti ya mwanaume ndani ya kompyuta.

Alikuwa Nestori mwenyewe, katikati ya mkutano, na wafanyakazi wake wote kwenye kioo cha kompyuta wanacheka.

"Mama, Hadija ako kazini sasa hivi," akasema. "Esansi ya kujaza magari imekuwa shida, na genereta ya biro ilitumaliza kwa gharama na moshi. Hawa wakifanyia nyumbani, tunapumua. Apana, hatukumufukuza."

Nilikosa pa kuficha uso, lakini alhamdulillahi, pilau ile tuliila kwa shukrani. Kama babake Nestori si Gaspari, anayejua anisahihishe, maana sasa namwombea Nestori kwa jina hilo kila swala.