Baridi ya Kiti cha Nyuma

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Bunia, mchana, kwenye kiwanja changu cha kutengenezea magari. Sikusimuliwa na mtu.

Papa Kambale, mfanyabiashara aliyehamia huku kutoka Butembo, aliniletea gari lake la zamani, la aina ile inayopima joto la ndani na kurekebisha yenyewe kipoza hewa, klima tunavyoita huku.

"Fundi, klima hii iko na kichwa nguvu. Naweka vingt-deux, digrii ishirini na mbili, nyuma inatoa barafu tu."

"Papa, ulikuwa unabeba samaki ya Kasenyi ndani ya barafu?" nikamtania.

Hakucheka. Mvua ilikuwa imeanza, akaenda kukaa chini ya bati.

Nikueleze polepole, si jambo gumu. Kwenye dashibodi kuna vitundu vidogo. Nyuma yake kifeni kinavuta hewa ya ndani ili gari lijue kama kuna joto au baridi. Vumbi la barabara zetu likiviziba, gari linadanganyika. Kupima ni rahisi: unaweka karatasi laini juu ya vitundu. Ikinata, kifeni kinavuta.

Niliwasha injini, nikaweka karatasi. Ikanata. Halafu ikaachia. Ikanata, ikaachia, taratibu, kama mbele ya pua ya mtu aliyelala. Niamini, kifeni kile huvuta tu. Hakipumui.

"...zima," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikazima baridi. Nani asingezima? Kisha nikageuka. Mwanamke alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, kitambaa kimekaza taya lake hadi utosini, kama tunavyowafunga wafu wetu. Alitikisa kichwa, akashusha kitambaa kwa vidole vilivyokakamaa.

"Hapana, fundi. Muzima. Niko muzima."

Kiti kikabaki kitupu, kimelowa maji ya baridi.

Nilimwendea Papa Kambale chini ya bati. "Papa, gari hii ilibeba nani?"

"Bibi yangu, mke wangu. Homa ilimuua kule Nia-Nia. Tulifungua baridi yote mpaka Bunia, asiharibike njiani."

"Hakusema kitu?"

Alisimama. "Tulipopita Komanda nilisikia 'zima'. Nikafikiri ni shofere, anasikia baridi. Nikamwambia: vumilia, ndugu, tunakaribia." Akanishika mkono. "Weye umesikia nini?"

Wewe ungemjibu nini? Mimi nilimwambia.

Hakulia. Aliondoka kwenye mvua bila funguo zake, na hajarudi kulichukua gari. Majirani zake wanasema anashinda jikoni, karibu na makaa, na bado analalamika baridi. Gari liko kwangu. Betri nimeitoa, milango nimeifunga, lakini kila asubuhi vioo vya nyuma vina ukungu kwa ndani.

Huenda siku moja nawe ukambeba mtu wako kwenye barabara ile. Kabla hujamfunga taya, kabla hujawasha baridi, weka karatasi laini puani pake. Usubiri.