Mkono wa Fundi Lameki

Mjini Njombe, mwenye mashine ya kupasua mbao gia ikimvunjikia meno, jina ni moja tu: Fundi Lameki. Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mkono wa Fundi Lameki ulianza kutetemeka mwaka juzi, na tangu hapo gia zote zimechongwa na binti yake Fidelia, mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Baba anapokea kazi, baba anakabidhi, baba anasifiwa. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akitetemeka mkono msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu watasema amelewa; nani atauliza habari za ugonjwa? Fidelia akaitunza siri. Kazi yenyewe aliipenda kuliko sifa.

Sasa mashine yao kuukuu imekufa, nao wako Makambako, kwenye ghala la Edson, muuza mashine, mbele ya mashine mbili za kuchonga vyuma. Moja ni ya mkono: kisu kinazungushwa na mota, ila meza yenye chuma unaisogeza mwenyewe kwa mpini. Nyingine ni ya kompyuta: unaipa mchoro, inachonga yenyewe. Nusu ya bei atatoa mjomba Joackim, mfanyabiashara wa mbao, kaka wa mama yake Fidelia, ambaye amekuja nao.

"Ya kompyuta," baba alisema kabla hajaulizwa. "Dunia imekwenda, shemeji. Nimeshaongea na kijana wa chuo, Anderson. Yeye ataiendesha."

Kumbe kijana alikwishatafutwa. Fidelia angerudi shambani kwenye viazi, na siri ya baba ingezikwa salama. Alimchukia baba yake, akamwonea huruma, akamchukia tena.

"Kwa umeme huu wa kukonyeza?" Joackim alisema. "Ikiungua, fundi wake atoke Dar es Salaam. Na wewe wateja wanakuletea gia moja moja, kila moja na sura yake. Kompyuta ni ya anayechonga mia za kufanana. Mimi pesa yangu naiweka kwenye mkono wako, shemeji. Hebu tuonyeshe."

Edson akafunga kipande cha chuma mezani. Baba akaisogelea mashine ya mkono bila kuvua glovu. Fidelia akashtuka. Huyu ndiye aliyewahi kumfukuza mteja karakanani kwa kukaribia kisu cha mashine na glovu, maana kisu kikinasa uzi mmoja kinavuta mkono mzima. Leo amezivaa ili mtetemeko usionekane.

Kisu kikaanza kuzunguka. Baba akashika mpini. Meza ikaenda kwa kurukaruka, chuma kikalia vibaya. Mkono wake wa kushoto ukateleza kuelekea kwenye kisu. Fidelia hakungoja ruhusa, akabonyeza kitufe chekundu.

Joackim alimtazama shemeji yake kwa uchungu. "Umekunywa, Lameki? Asubuhi yote hii?"

"Ni baridi," baba alisema.

Fidelia angeweza kusema ukweli. Lakini binti hamvui baba yake nguo mbele ya watu, hata awe na haki kiasi gani. "Mjomba," alisema, "naomba nimalizie kazi ya baba."

Akakunja mikono ya sweta, akawasha. Meza ikatembea taratibu. Akachonga mfereji wa kwanza, akachonga wa pili, jino likabaki limesimama katikati. Akazima, akalipitishia tupa kidogo pembeni, mara mbili, kama alivyozoea.

Joackim akainama, akalipapasa. Pembe zilizolainishwa namna ile alikuwa nazo kwenye gia ya mashine yake ya mbao, na alikuwa amezisifia hadi kanisani akidhani ni kazi ya Lameki.

"Na hii ya kompyuta, shemeji," aliuliza polepole, "ulitaka imfiche nani?"

Edson akajifanya anatafuta kitambaa. Baba akavua glovu.

"Mimi," alisema. "Mkono ni wa huyu, mwaka wa pili sasa. Muulize yeye anataka ipi."

Fidelia akashika mpini wa mashine ya mkono, akalia. Na machozi hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na mafuta.