Mlango wa Bi Mize na Mkwewe

Subira sina, anayenijua anajua. Lakini kwa ramani za nyumba najiamini. Mchana nilikuwa nachora maduka na maegesho ya magari katika ofisi moja hapa Rockville, Marekani. Jumamosi na jioni niliwachorea watu wetu vyumba vya kuongeza, majiko ya kupanua, ngazi za kushukia chini. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, mahali ambapo ukuta wa jirani ndio ukuta wako, basi kiwanja kidogo hakinitishi. Ndiyo maana mwaka wa tisini na nane Bi Mize alipotaka kujenga, aliniita mimi.

Bi Mize alikuwa Mzanzibari wa mtaa wa Malindi, Unguja, mjane anayekaribia sitini, mfupi, mwepesi wa mwendo na mwepesi zaidi wa macho. Alikuja huku katikati ya miaka ya sabini na mumewe, marehemu Mzee Abdulsamad, aliyeendesha teksi mpaka mwaka aliofariki. Yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini nyuma ya cherehani katika duka la dobi, akifupisha suruali za mawakili na kupanua viuno vya makarani. Kwa jasho hilo walinunua kijumba cha mbao chenye ua wa nyuma unaotosha kamba mbili za nguo. Sasa mchwa walikuwa wamekila, na paa lilikuwa limebonyea katikati.

Mtoto wake wa pekee, Nahla, alikuwa akipanga huko Manassas na mumewe Yasir na watoto watatu. Bi Mize akakata shauri. Kijumba kivunjwe, ijengwe nyumba ya ghorofa moja, Nahla na watoto wakae humo. "Mimi," akaniambia, "nikatie kipande changu chini, nyuma. Chumba, choo, na jiko la kupikia uji."

Kiwanja kilikuwa na upana wa futi hamsini tu. Ukishaacha nafasi za pembeni zinazotakiwa na sheria, na mahali pa gari, unabaki na umbo la kiberiti. Ndani ya kiberiti hicho nikatia nyumba mbili. Wiki tatu nilichora, nikafuta, nikatandika karatasi nyembamba juu ya ile ya zamani na kuchora tena.

Kitu kimoja sikuhitaji kuambiwa. Kwetu pwani mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani; wanaheshimiana kwa kupishana. Yasir alikuwa mtu wa Lamu, fundi wa mabomba, mpole, na kwa miaka tisa ya ndoa yake sijapata kumwona amekaa na Bi Mize pamoja. Huyu akiingia, yule anakumbuka chungu chake jikoni. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba Safa." Wameshamaliza. Basi nikaitenga fleti ya Bi Mize kwa adabu zote: mlango wake kwa uani, na katikati ngazi, kabati na ukuta mnene, hata kikohozi kisivuke. Nilijipiga kifua. Mzungu gani angeliwaza hilo?

Jumapili nikaitandaza ramani juu ya meza yake, kati ya birika la chai na sahani ya mkate wa kumimina. Nahla alikaa kando ya mama yake, Yasir akasimama kizingitini kama desturi yake.

"Hapa ndipo mimi?" Bi Mize akauliza.

"Hapo ndipo wewe, bi. Mlango wako peke yako. Huingiliwi na mtu."

"Na Safa analala wapi?" Safa ni mjukuu wake mkubwa, wa miaka saba.

"Juu, hapa mbele."

Kidole chake kikatoka kitandani pake, kikafika ukutani, kikasimama. Kikarudi, kikatokea mlango wa uani, kikaizunguka nyumba yote, kikapanda vidato vya mbele, kikaingia sebuleni, kikapanda ngazi.

"Na siku za theluji?"

"Yasir ataichota theluji."

Yasir akaitikia kwa kichwa. Bi Mize akaondoa kidole. "Haya. Vizuri. Mashaallah, una mkono, Sabri." Akanimiminia chai nyingine. Nikarudi kwangu kichwa kimevimba kwa sifa.

Jumatano Nahla akanipigia simu analia. "Mama kasema ramani umalize tu, lakini fleti tumpangishe Nyandwi, yule dada wa Burundi anayetunza wazee. Mama mwenyewe anarudi Unguja. For good, Sabri, harudi tena! Anasema akimaliza ku-sign karatasi za nyumba anaondoka."

Unguja kwa nani? Dada yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na jamaa waliobaki wako Maskati. Nyumba ya Malindi ina watu wengine siku nyingi. Mwanamke wa umri ule aende akawe mgeni katika mji wake mwenyewe! Nilikasirika, nisiseme uongo, na kwanza nilikasirikia wiki zangu tatu. Huruma ilikuja baadaye.

Ijumaa baada ya sala nikamkamata Yasir nje ya msikiti, kando ya gari lake. "Mmemfanya nini yule mama?"

Akatazama funguo zake. "Wallahi Sabri, siku ile nilitaka kukuuliza, mbona hukuweka mlango wa kati? Yule mama ana presha. Akianguka kule nyuma nani atajua? Lakini mimi ni mkwe. Niombe mlango wa kuingilia kwa mama mkwe wangu? Si nitaonekana sina adabu?"

"Ungemwambia Nahla aseme."

"Angejua tu ni maneno yangu. Niachie, ndugu yangu. Na usimwambie kama nimekwambia."

Nikaenda kwa Bi Mize moja kwa moja. Alikuwa kwenye cherehani anapinda gauni la Safa. Nikamuuliza bila kuzunguka: ramani ina kasoro gani? Akashona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Mwanangu, mimi nimekulia nyumba ya watu kumi na saba. Sijapata kulala mahali nikikohoa asiwepo wa kuniuliza kulikoni. Ulivyochora ni vizuri sana. Ila umenichorea kaburi lenye jiko."

Nilikosa pa kutia uso. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Niseme nini? Niombe mlango wa kuingilia nyumba ya mkwe wangu? Aseme bibi huyu anataka kutuchungulia? Bora niende zangu na heshima yangu. Na haya usiyatoe nje."

Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hawa wawili walikuwa wameufunika wao kwa mablanketi. Wote wanataka mlango mmoja, wote wanaona haya kuuomba, na mimi nimefungwa mdomo pande zote mbili. Kumpelekea mkwe maneno ya mkwe mwenziwe ni kuwasha moto. Tena mwanzo wa yote ulikuwa ujuaji wangu. Mimi ndiye niliyejenga ukuta kwa kalamu, kisha nikajisifu.

Nikakaa tena na karatasi. Nikalivunja kabati, nikaisogeza ngazi futi tatu, nikaipunguza sebule, na katikati ya nyumba mbili nikatia chumba cha kufulia nguo. Upande mmoja kinatokea jikoni kwa Nahla. Upande wa pili nikachora mlango wa kuingia kwa Bi Mize. Mtu akipita hapo ana sababu: kabeba nguo. Hakuna wa kumshika mtu anayebeba nguo chafu.

Jumapili nikawakusanya tena. Safa naye alikuwepo, kalala kifudifudi juu ya zulia na kalamu zake za rangi.

"Ofisi ya vibali wameikataa ramani," nikasema, nimekunja uso. "Wanataka mlango wa ndani, kwa sababu ya moto. Bila mlango hakuna kibali." Uongo mtupu. Hiyo ramani ofisi ya vibali hawajaiona, ilikuwa ndani ya gari langu wiki nzima.

"Kama ni sheria, hatuna budi," akasema Yasir kutoka kizingitini, haraka mno. Nahla akanitazama, akamtazama mumewe.

Safa akainua kichwa. "So I can go to Bibi in my socks?"

"Utakwenda kwa Bibi hata bila soksi," nikamwambia.

Bi Mize akaiinamia ramani. Kidole chake kikaondoka kitandani, kikapita mlangoni, kikavuka chumba cha kufulia, kikakata jikoni kwa Nahla, kikapanda ngazi mpaka chumbani kwa Safa. Kikakaa pale. Tulimngoja, mimi kwa hofu, kwa maana akisema "haya, vizuri" kama mara ile, basi amekwenda Unguja.

"Na ufunguo?" akauliza. "Hiyo serikali yako, Sabri, imesema ufunguo ukae upande wa nani?"

Nikajua amenijua. Macho yake hayakuwa na hasira, lakini hayakunipa njia ya kupita. Nikababaika: "Ufunguo... ufunguo haikusema, bi."

"Basi nimuulize nani?"

Yasir akaondoka kizingitini. Akaja mpaka kwenye meza, akakaa chini juu ya zulia kando ya mwanawe, karibu na miguu ya Bi Mize, macho yake ameyainamisha kwenye ramani. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Mama," akasema, "pasiwe na ufunguo. Siku utakayoniita, nisije nikasimama nje."

Nahla akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Mize akavuta ukingo wa mtandio wake, akajifuta jicho moja, kisha la pili, pole pole, bila kujificha. Tangu Safa azaliwe alikuwa hamwiti Yasir ila "baba Safa". Akanigeukia mimi.

"Umemsikia mwanangu huyu?" akasema. "Andika."