Injinia Kasema Kisiguswe

Kabla hatujafika chooni, mjueni kwanza mwenye hasira zake, maana hasira zenyewe ni za haki.

Mama Pancha amekaa kwenye ile kona miaka ishirini na miwili, akiziba tyubu za baiskeli, pikipiki na mikokoteni. Ana karai la maji, kopo la gundi, pampu inayolalamika kila ikibonyezwa, na vidole vyeusi ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa. Hajaolewa wala hana mtoto. Hilo "Mama" alipewa na waendesha pikipiki, kwa kuwa huwafokea kama aliyewazaa. Nao humvumilia, kwa sababu kiraka cha Mama Pancha hakibanduki.

Nyumbani anaishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na mbili, akili timamu, ulimi mwepesi, ila vidole vimepinda kwa maradhi ya viungo hata glasi huishika kwa viganja viwili. Na juu ya wote wawili, ingawa anakaa mtaa wa tatu kutoka hapo, yuko kaka mkubwa ambaye ukoo mzima unamwita Injinia. Uinjinia huo hakuusomea popote. Ni karani wa stoo anayetembea na kalamu tatu mfukoni na futi ya chuma kiunoni, na akiingia nyumba ya mtu haketi mpaka agonge ukuta mara mbili na kutikisa kichwa.

Sasa katika ukoo huo kuna sheria moja: kitu alichokishika Injinia hakishikwi na mwingine. Redio aliyoifungua miaka kumi na moja iliyopita iko chini ya kitanda, vipande vipande ndani ya beseni, inamsubiri. Mlango wa jikoni aliousawazisha kwa mkono wake hufungwa kwa kuegemezwa stuli. Ukiuliza kwa nini asiitwe fundi, unajibiwa kwamba Injinia kasema kisiguswe, na mazungumzo yameishia hapo.

Choo cha mama alikifunga yeye. Mwaka jana akaja na nusu tofali la kuchoma, akalitumbukiza ndani ya tangi la choo na kueleza kwamba kila mtu akivuta maji, tofali litakuwa limeokoa kibaba. Watu wakampigia makofi. Miezi michache baadaye tangi likaanza kuvuja ndani kwa ndani, maji yakishuka bakulini usiku na mchana na kale kasauti kake ka kuudhi. Injinia akaja, akainua mfuniko, akatega sikio kama daktari, akatoa hukumu: valvu nzima imekufa, inatakiwa ya aina maalumu, na ataiagiza mwenyewe. Akafunga koki, akaweka ndoo na kopo mlangoni, akabandika karatasi juu ya mfuniko kwa herufi kubwa: KISIGUSWE. Huyo akaenda zake.

Zikapita wiki saba. Kila Jumamosi alikuja kumjulia hali mama, akairuka ile ndoo, akanywa chai, akaondoka. Mama Pancha alipouliza habari za valvu, aliambiwa mambo ya kitaalamu hayaendi mbio. Basi akawa anajaza ndoo asubuhi kabla ya kutoka, na jioni akirudi anajaza tena, akijiona amemaliza wajibu wake.

Wiki ya nane mama alitaka kuinuka kitandani, akapepesuka na kurudi chini kama mzigo. Kule zahanati, muuguzi alimfinya ngozi ya mgongo wa mkono, na ngozi ikabaki imesimama vilevile. Akamtazama Mama Pancha kwa jicho ambalo hata wewe usingependa kutazamwa nalo.

"Dada, huyu mzee hanywi maji."

Njia nzima ya kurudi Mama Pancha alifoka. Birika limejaa kila siku, glasi iko hapohapo mezani, kinachomshinda kunywa ni nini? Mama alimjibu alipoketi kitandani na kuvuliwa viatu.

"Nikinywa, nitakwenda," alisema. "Nikienda, ndoo siiwezi. Nikuachie uchafu wangu mchana kutwa, jirani akija kunisalimia aukute? Mimi ndiye niliyekufundisha usafi."

Kumbe alikuwa amejipimia. Nusu glasi asubuhi, nusu glasi jioni ya kushushia vidonge. Wiki saba bibi wa watu amekaa na kiu ndani ya nyumba yenye bomba, kwa heshima ya kipande cha karatasi.

Mama Pancha alitoka pale. Alimkasirikia kaka yake, akaukasirikia ukoo uliopiga makofi, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe, kwa kuwa ile ndoo aliijaza siku zote hizo bila kujiuliza nani ataiinua. Akaingia chooni, akaichana ile karatasi vipande vinne. Mama akamwambia kutoka chumbani kwamba kaka yake atasema. Akajibu mwache aseme.

Alifungua mfuniko. Chini ya tangi kulikuwa na raba ya duara, inayoziba tundu la kushushia maji na kuinuliwa na mnyororo mtu anapobonyeza mkono wa choo. Raba ni kazi yake, hapo hakutaka mwalimu. Akaichomoa, akakimbia nayo hadi duka la vifaa vya ujenzi, ambako muuzaji alimshauri amtume mwanamume anayejua mambo hayo. Mama Pancha akaiweka raba juu ya kaunta na kumwambia atafute inayolingana na hii, ushauri amwekee mkewe.

Alirudi, akaitia mpya, akafungua koki. Maji yakajaa nusu tangi, kisha kale kasauti kakaanza tena, vilevile.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yakimlenga. Raba mpya na bado inavuja, basi labda Injinia alisema kweli, valvu nzima imekufa. Kesho ni Jumamosi. Atakuja, atatikisa kile kichwa chake, na sheria itakuwa imepata nguvu mpya. Na mama atarudi kwenye nusu glasi.

Hapo akamkumbuka mteja wa juzi, kijana wa pikipiki aliyejibadilishia tyubu mwenyewe, ikatoboka kabla hajafika njia panda. Alimsuta mbele za watu. Tyubu haijitoboi, alimwambia. Kabla hujaweka mpya, pitisha kidole ndani ya tairi, duara lote, mpaka uupate mwiba. Miaka ishirini na miwili anawaimbia watu wimbo huo, na leo kwa hasira zake ameweka mpya bila kupitisha kidole.

Akafunga koki, akavuta maji yote yaishe, akakunja mkono wa gauni. Akapitisha kidole polepole kwenye mdomo wa tundu. Upande wa nyuma, pasipoonekana kwa macho, kikakwaruzwa. Punje. Akaenda mbele kidogo, punje nyingine. Akazitoa kwa ukucha, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, zilikuwa nyekundu.

Akaligeukia lile tofali. Aliposhika kuliinua, likammegukia mkononi kama mkate uliolowa.

Alitoa kopo zima la matope mekundu humo. Akausafisha mdomo wa tundu kwa kitambaa mpaka kidole kikapita bila kukwama, na kwa ubishi tu akarudisha ile raba ya zamani. Tangi lilipojaa akatia buluu ya kufulia, akaketi kulisubiri. Saa nzima maji ya tangini yalikuwa ya samawati, na bakuli chini yake jeupe pe. Raba haikuwa na kosa tangu mwanzo, wala valvu haikuwa imekufa.

Jumamosi Injinia aliingia, akagonga ukuta, akaona hakuna karatasi. Akauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Mama Pancha alimletea sahani yenye mabaki ya tofali, akaiweka mbele yake pale mezani.

"Kaka, mwiba ndio huu. Ulikuwa unameguka, punje zinakaa chini ya raba. Wewe ulisikiliza tu, hukutia mkono. Na kwa ajili ya karatasi yako, mama ameacha kunywa maji wiki saba."

Injinia alikivingirisha kipande kidoleni na kusema matofali ya siku hizi hayachomwi yakaiva. Kisha akamgeukia mama amsemee, kama alivyomsemea maisha yake yote.

Mama akasema, "Niletee maji, mwanangu."

Aliinuka haraka, akifurahia kupata kazi. Akarudi na glasi imefika nusu, kwa sababu ndivyo alivyompelekea kila Jumamosi tangu aifunge koki, mama akisema yanatosha, naye asiulize yanatosha vipi.

Mama hakuipokea.

"Ijaze."

Akaenda kuijaza mpaka ukingoni, akarudi nayo akinyata yasimwagike. Mama akaishika kwa viganja viwili akanywa yote, hakupumzika, wala hakumwondolea macho. Halafu akajikongoja mwenyewe hadi chooni, akafunga mlango.

Watoto wake wawili walibaki sebuleni. Baada ya kitambo wakasikia mkono wa choo ukibonyezwa, maji yakaporomoka, tangi likajaa, likanyamaza. Mama akatoka akikausha viganja kwenye gauni, akaichukua ile glasi mezani na kumnyooshea Injinia.

"Nyingine," akasema.