Kidato cha Juu, Kile Kifupi

Mume wangu anatengeneza ngazi. Si zile za kuegemeza kwenye mti upande kuchuma avoka, hapana. Ngazi za nyumba za orofa, eskaliye, pamoja na plenti, zile mbao nyembamba za chini ukutani, na mbao za kuzungushia milango. Mimi kazi yangu ni msasa, verni ya kung'arisha mbao, na kugombana. Hiyo ya mwisho hakuna aliyenituma, ila karakana yetu pale Mususa, Butembo, ingekuwa na ubaridi mno bila mimi. Wateja wanaingia wakisema papa fundi ni mpole kweli, halafu wananitazama mimi na kunyamaza.

Ni fundi, huyu mtu. Nikimkasirikia hata kwa wiki nzima, hilo silikani. Angalia tu anavyofunga plenti kwenye kona. Wengine wanakata mbao mbili mshazari na kuzikutanisha, na mvua zikipita ufa unatokea, wanauziba kwa mastiki na kwenda zao. Yeye ubao wa kwanza anaufikisha ukutani kabisa. Wa pili anauchonga kichwa kwa msumeno ule mwembamba kama uzi, taratibu, ufuate umbo la mwenzake mpaka uukumbatie. Mimi huwa ninapitisha ukucha pale wanapokutana, namtafutia kosa, na ukucha haukwami. Inaniudhi sana. Nafurahi pia, lakini simwambii.

Na kwa ngazi hapimi kwa metre. Metre anayo, inaning'inia kiunoni, lakini anachukua ufito mmoja mrefu, anausimamisha kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, na kuugawa kwa penseli sehemu zinazolingana. Kila kidato kina alama yake. Ufito ule hauazimwi mtu, na ole wake atakayeusogeza.

Asubuhi moja akaingia karakanani mwanamke kutoka Beni, amechoka na barabara, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa juu ya rundo la mbao bila kukaribishwa na kuanza kusema.

"Mama yangu hapana ona tena, papa fundi. Macho imekwisha. Juzi alianguka kwenye eskaliye, pale inageuka, na sasa kaka yangu mukubwa anataka kumubeba Kasindi. Ule kaka iko muzuri, hapana muzania vibaya. Anafanya kazi ya mizigo pale dwani, mupakani, iko na chumba ya chini, bila ngazi. Mais mama yeye hapana penda. Anasema akitoka mu nyumba yake atakufa."

Walikuwa wameelewana hivi: kaka atakuja Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, na gari. Kama mama anapanda peke yake mpaka chumbani kwake, bila mtu kumshika hata kidogo, atabaki. Akishikwa mara moja tu, anaingia kwenye gari. Donc, ndiyo maana huyu binti alitaka ngazi ya mbao juu ya ile ya simenti iliyomeguka kingo, na mkono wa kushikilia, wa nguvu, kutoka chini mpaka juu.

"Tutafanya," mume wangu akasema.

Mimi nikamtazama. Muda ulikuwa mfupi, na nilijua yeye hakimbizwi na mtu.

Sisi watu wa Butembo tuna kosa letu moja. Kwetu ni juu, ni baridi, ukungu unashuka mpaka jua likiwa limepanda. Tunakata mbao huku, tunazifunga zikabana vizuri, tunajisifu, tunazipakia. Zikifika Beni, kwenye joto, zinakauka na kuachana. Kuna nyumba kule, sitasema ya nani, ukipanda ngazi yake kila ubao unakulalamikia. Basi mume wangu akatanguliza mbao zake za muvula zikiwa hazijakatwa, zikapangwa sebuleni kwa yule mama na vijiti katikati ili hewa ipite. Tulipofika tukazikuta pale, naye akakataa kuzigusa siku ile na iliyofuata. Zizoee nyumba, anasema. Nikamwambia, "Baba ya batoto, mbao zitazoea nyumba na mama atazoea Kasindi!" Akacheka tu.

Mama muzee mwenyewe alikuwa amekaa karibu na lile rundo, anapapasa mbao kwa viganja. Mdogo wa mwili, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani, mdomo mkali.

"Mbao iko muzuri," akasema. "Inanukia pori. Na huyu mwenye kupiga kelele ni nani?"

"Ni bibi yangu, mama," mume wangu akajibu.

"Aah, aksanti. Nilizania ni pikipiki imeingia ndani."

Nilimpenda papo hapo, ndiyo kusema ukweli. Na kuanzia hapo kazi ile ikaniuma, kwa sababu nilianza kumwona kwenye gari la mwanawe, mikono mapajani, akipelekwa kukaa kwenye chumba kinachotetemeshwa na malori. Wiki ile alikuwa analala sebuleni kwenye godoro kwa ajili ya kazi yetu. Hakulalamika, lakini kila asubuhi alikuwa amekaa wima kabla ya sisi kuamka, amevaa viatu.

Mume wangu akasimamisha ufito. Akaweka alama chini, akaenda akipanda, kidato kwa kidato. Alipofika juu akaguna. Marehemu mume wa yule mama ndiye aliyemwaga simenti ile kwa mikono yake mwenyewe wakati wanajenga. Hakuugawa urefu kwanza. Alianza chini akapanda, na kilichobaki juu kikabaki. Kidato cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko vingine vyote, tofauti ya vidole viwili. Mimi nilikipanda nikapepesuka, nikashika ukuta. Mguu ulikwenda juu kutafuta kitu ambacho hakipo, ukarudi chini kwa kishindo.

"Hiki tunarekebisha," nikasema. "Tunagawa upya, vyote vilingane."

Hata mtu aliyeingia kwenye kazi yetu jana anajua hilo. Mguu unajifunza kimo kwenye vidato vya kwanza, halafu unaacha kufikiri. Kidato kimoja kikiwa tofauti, ndicho kinachoangusha watu. Mume wangu akaulaza ufito chini. Akamwomba yule mama apande mara moja, binti akimshika mkono, naye akalala kifudifudi ngazini, shavu karibu na simenti, akitazama miguu ya yule mama ikimpita. Mwanaume mzima, amelala pale kama mtu aliyeangusha sindano.

Waliposhuka akanivuta pembeni.

"Umeona pale juu?"

"Nimeona nini?"

"Kwenye kidato ya mwisho anainua mguu kidogo. Yeye hapana fikiri, mguu yenyewe inajua. Tukikipandisha kilingane na vingine, vidole vyake vitapiga pua ya ubao, ile kingo ya mbele. Ataanguka kutoka juu kabisa."

"Na wageni? Watapepesuka pale, watauliza ni fundi gani alifanya hii upuzi, watajibiwa: wa Mususa! Jina yetu itaharibika mpaka Mutwanga."

"Iharibike."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia amezeeka, nikamwambia atatutia aibu, nikasema mengine ambayo watu wa nyumba ile walisikia yote. Yeye akangoja nimalize, kisha akasema kwa sauti yake ileile, "Alianguka fasi gani? Pale inageuka, kwa sababu hapana kitu ya kushika na kingo imevunjika. Pale juu hajaanguka hata siku moja. Kile kidato kifupi hakina kosa na yeye." Halafu akaenda kutafuta nyundo.

Hapo ndipo nilipoona kazi ambayo sikuwahi kuiona. Kurekebisha ngazi ile kungekuwa rahisi: unaweka mbao juu ya simenti, unanyanyua huku, unapunguza kule, imekwisha. Kuiacha ilivyo ndiko kulikomtoa jasho. Kwa sababu ubao una unene, na ukiuweka juu ya simenti kila kitu kinapanda, cha chini kinakuwa kirefu na cha juu kinazidi kufupika. Basi akashika patasi ya chuma na nyundo, akachimba uso wa kila kidato, akatoa simenti kiasi cha unene wa ubao, ili ubao ulale mahali simenti ilipokuwa. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Akimaliza kimoja anarudisha ufito, anainama, anatazama, anatoa kidogo tena.

Yule mama alisikia nyundo kutoka chini. Sauti yake haikuwa na mzaha safari hii.

"Munabomoa ya bwana yangu?"

"Hapana, mama. Ninatoa tu unene ya mbao. Mbao itaingia fasi simenti ilikuwa. Mguu yako haitajua kama kuna kitu kilibadilika."

"Wasingya," akasema mama, kwa Kinande chake, ndiyo asante. Kisha akaomba apelekewe kiti karibu, akakaa anasikiliza nyundo ile mpaka jioni.

Mbao zikalala. Pua ya kila kidato aliiviringisha kwa randa ndogo, akiipimia kwa kipande chembamba cha triplai alichokata mwenyewe, zote zikawa na mviringo mmoja. Plenti ya kupanda na ngazi aliisogeza ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa umepinda vibaya. Akachukua bikari, mguu mmoja unafuata ukuta, penseli inaandika ubaoni kila bonde na kila kilima, akakata juu ya mstari ule. Ubao ukaingia ukutani bila mwanya wa kupitisha karatasi. Nilipitisha ukucha. Hakuna kitu.

Mkono wa ngazi ndio uliokuwa na kazi kubwa. Pale inapogeuka, wengi wanaweka nguzo, mkono unakatika, unaanza mwingine. Mume wangu akasema kiganja cha mama hakitaachia hata mahali pamoja. Ile kona akaichonga kutoka gogo moja, ikapinda na kupanda wakati uleule, na viungo vyake sikuviona mpaka aliponionyesha. Ikafika zamu yangu. Nikapiga msasa mkavu, nikalowesha mbao ili vinyuzi vyake, kama manyoya, visimame, nikapiga tena, nikaona kazi imekwisha. Tukamwita mama apapase. Akapitisha mkono polepole, akasimama.

"Hapa kuna kitu."

Nikapapasa. Hakuna kitu. Mume wangu akapapasa, naye hakukuta kitu. "Kiko," akasema mama. "Pikipiki, rudia." Nikarudia, natukana kimoyomoyo, na nilipomwita tena akapitisha mkono bila kusimama. Mpaka leo sijui ni nini alichokuwa anakigusa, lakini mkono ule wa ngazi ndio msasa bora kuliko yote niliyowahi kupiga.

Mvua ikachelewesha verni yangu kukauka. Nikakataza mtu yeyote kukanyaga. Kwa hiyo Siku ya Mungu ikafika mama akiwa hajapanda ngazi mpya hata mara moja, na mimi usingizi ulikuwa umeniacha.

Kaka alikuja kweli baada ya misa. Mtu mkubwa, shati limepigwa pasi, anamsalimu mama yake kwa mikono miwili. Sanduku la mama lilikuwa limefungwa tayari, kwa amri ya huyo kaka, limewekwa mlangoni. Akatazama ngazi, akasema ni nzuri, na kweli uso wake ulikuwa wa huruma.

"Mama, twende basi, jua itatuchoma barabarani."

"Wewe enda," akasema mama. "Mimi ninaenda kulala kidogo mu chumba yangu."

Akaweka kiganja kwenye mkono wa ngazi. Sote tulikuwa chini: kaka, binti, mume wangu, na mimi nimejiziba mdomo kwa kitambaa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akapanda. Hakuharakisha. Pale inapogeuka kiganja chake kikapinda na mbao, kikaendelea, na kaka akapiga hatua moja mbele kisha akajizuia. Vikabaki vidato vichache. Nikaanza kumwomba Mungu kwa maneno mabaya. Kikabaki kile cha juu.

Mguu wake ukainuka kidogo tu, ukalala pale.

Hakusimama kupokea sifa. Akaingia chumbani, tukasikia dirisha linafunguka, na sauti yake ikimuuliza jirani kama mutoto wake amepona kikohozi. Binti akaanza kulia. Mume wangu akajifanya anatafuta penseli mfukoni.

Kaka akabaki ametazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaenda mlangoni, akalibeba lile sanduku kwa mikono miwili, amelikumbatia kifuani, haoni miguu yake, akaanza kupanda. Miaka mingi alikuwa haishi pale, nyumba aliyokulia. Nikataka kupiga kelele kumwonya, jamani kile cha mwisho, nikachelewa.

Hakupepesuka. Mguu wake ukainuka kidogo, vilevile, ukalala. Akasimama pale juu, akalisogeza sanduku ubavuni, akatazama chini kwenye viatu vyake.

"Mama," akaita, sauti imebadilika, "niweke sanduku fasi gani?"

"Fasi yake," mama akajibu kutoka dirishani. "Chini ya kitanda."